Ufupi wa Walakonia na barua zetu

Kila anayeandika kwa ajili ya kazi huambiwa: fupisha. Nimeandika kumbukumbu za vikao na barua za ofisi kwa miaka mingi, na naona ushauri huo haujakamilika. Kilichobaki nilikipata kwa Wasparta.

Sparta ulikuwa mji mkuu wa Lakonia, kusini mwa Ugiriki, na watu wake walisifika kwa kusema kidogo. Wagiriki wakawa na kitenzi *lakonizein*, kufanya au kusema kama Walakonia, na lugha nyingi za Ulaya hadi leo huita usemi mfupi wenye makali kwa neno la mzizi huo. Watoto wa Sparta walifundishwa kujibu kwa maneno machache, kwa hiyo tusidhani walizaliwa hivyo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Philip II, mfalme wa Makedonia. Aliwatishia: ikiwa nitaingia Lakonia, nitawafukuza. Wakamjibu: "Ikiwa." Anayesimulia ni Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 400 baadaye, basi huenda kisa kimepigwa msasa. Lakini tazama kinavyofanya kazi. Neno moja lilitosha kwa sababu mengine yote Philip alikwisha kuyasema mwenyewe.

Ndiyo maana kabla ya kukata sentensi najiuliza msomaji ana nini tayari mkononi. Alichonacho nakifuta, asichonacho nakiacha hata kama barua itarefuka.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, ana mfano mzuri zaidi. Wakimbizi wa kisiwa cha Samos walikwenda Sparta kuomba msaada, wakahutubia kirefu. Wasparta wakasema mwanzo wameusahau na mwisho hawakuuelewa. Wageni wakarudi na gunia tupu, wakasema: "Gunia linahitaji unga." Wakaambiwa neno "gunia" limezidi, maana lilikuwa linaonekana. (Msaada walipewa, lakini.) Barua nyingi zina gunia la namna hii: "Naandika barua hii kukujulisha kwamba..." Barua si msomaji anaishika mkononi?

Kwa taarifa ya dharura, naiga ile ya mwaka 410 KK, baada ya Wasparta kushindwa baharini huko Cyzicus. Mwanahistoria Xenophon ameihifadhi: merikebu zimepotea, Mindarus amekufa, watu wana njaa, hatujui la kufanya. Hasara, kamanda, hali ya waliobaki, na kukwama kwao. Hakuna visingizio, na hapo ndipo wengi wetu hunenepesha taarifa.

Ila ufupi huo usiupeleke kwenye rambirambi, wala kwa mtu mgeni wa jambo. Mgeni hana chochote mkononi. Kwake naandika majina kamili, tarehe, nani alikubali nini na kwa nini, kisha nampa mtu asiyehusika asome kwanza. Akiuliza swali, jibu lake naliongeza.