Bahari, Nyika na Mlima katika Likizo Moja

Safu ya Maswali ya Wasomaji: Safari na Mapumziko

SWALI: Ndugu mhariri, mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 11, na Desemba hii tumepata likizo ya wiki moja. Mwenzangu anataka tukae Zanzibar ufukweni mwanzo hadi mwisho. Mimi naona ni hasara kuishi katika nchi yenye kila aina ya mandhari kisha mtu akaishia kuona aina moja tu, hivyo nimepanga Zanzibar, Ngorongoro, Kilimanjaro na Ziwa Tanganyika. Yeye anasema nitawachosha watoto bure. Nani kati yetu ana haki?
Mama wa Wawili, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, kuhusu mandhari nakubaliana na wewe, ila kuhusu ratiba nipo upande wa shemeji. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na ukiunganisha na Ngorongoro katika wiki moja, watoto watakachokumbuka zaidi ni viti vya basi. Utamu wa nchi yenye mandhari mchanganyiko haupatikani kwa kuorodhesha majina makubwa, bali kwa kuyaona mazingira yakibadilika mbele ya macho yako, asubuhi ukiwa kwenye joto la minazi na jioni ukitafuta sweta. Mabadiliko hayo mnaweza kuyapata katika mkoa mmoja tu, nao ni Tanga.

Anzeni Pangani, ambako mume wako atapata bahari yake. Fukwe za Ushongo zina utulivu ambao sehemu nyingi za Unguja zimeupoteza, na bahari ikikupwa mnaweza kukodi mashua hadi Maziwe, fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, ambako watoto wataona samaki wa rangi bila kwenda kwenye kina kirefu. Mjini kuna majumba ya zamani ya mawe na kivuko kinachovusha watu na magari kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Waonyesheni watoto mto huo na muwaeleze kwamba sehemu ya maji yake imetoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ikapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ikavuka nyika kavu, ndipo ikafika hapo kuingia Bahari ya Hindi. Kwangu mimi somo hilo la jiografia linatosha kuhalalisha safari nzima.

Baada ya siku tatu, geuzeni uso kuelekea bara kupitia mashamba ya mkonge hadi Korogwe na Mombo. Mombo ni mji wa joto na vumbi, ulio chini kabisa ya ukuta wa milima, na ndipo barabara ya Lushoto, mji ulioko juu kwenye milima ya Usambara, inapoanza kupanda. Ni takriban kilomita 33 tu, lakini katika umbali huo mdogo mnapanda karibu mita 1,000 kwa kona zinazofuatana zikiambaa na bonde la mto. Madirisha ya basi yaliyokuwa wazi Mombo huanza kufungwa moja baada ya jingine. Mkifika Soni, penye maporomoko ya maji, hewa imekwisha kuwa ya ubaridi, na pembeni mnaona bustani za kabichi na karoti zilizokatwa kwa ngazi kwenye miteremko, na malori yanayopakia mboga za kupeleka Dar es Salaam. Sababu yake si ya ajabu: kila mtu apandapo mita 1,000, joto hushuka kwa takriban nyuzi 6, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari.

Hapo Lushoto msijaze ratiba. Siku moja nendeni kwa miguu hadi Irente, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na nyika mliyoipita jana inaonekana chini kabisa, barabara kuu ikiwa kama uzi. Shikeni mikono ya watoto, kwa kuwa genge ni refu na si kila sehemu ina uzio. Siku nyingine chukueni mwongozaji wa kijiji muingie msitu wa Magamba kutafuta mbega weusi kwa weupe. Nakuonya jambo moja tu, kwamba Desemba inaweza kuwa na mvua za vuli, na mvua ikiwa kubwa maporomoko ya udongo huweza kufunga njia ya Lushoto. Ulizeni madereva wa Mombo kabla ya kupanda, na msiifanye siku ya kurudi kuwa siku ya mwisho ya likizo.

SWALI: Nilipita kwa basi kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam nikashangaa: milima ya Upare na Usambara inaonekana ya kijani kileleni, lakini upande wa pili wa barabara ni vichaka vya miiba. Mvua inabagua?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Naam, inabagua, na inayoamua ni milima. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na zinapogonga milima hiyo hulazimika kupanda, zikapoa, zikamwaga mvua upande unaotazama bahari na juu kileleni. Zinapoteremka upande wa bara zimebaki kavu, na huko ndiko viliko vichaka ulivyoviona. Kwa kuwa misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, Upare na Usambara zikiwamo, imepata unyevu huo kwa muda mrefu mno huku ikiwa imetengwa na nyika pande zote, imejaa viumbe wasiopatikana kwingine. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, Saintpaulia, asili yake ni Usambara, na wanasayansi walilipa jina hilo mwaka 1893. Ukipata nafasi, nenda Amani, Usambara Mashariki, ukalione porini.

SWALI: Assalaam aleikum. Mwezi Julai nitakuja na jamaa zangu wa Oman ambao hawajawahi kufika Afrika. Wanachotaka ni baridi na theluji ya Kilimanjaro, lakini shangazi yangu ana magoti mabovu. Kuna la kufanya, au nibaki nao Unguja kwa ndugu?
Mzaliwa wa Unguja, Muscat

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Jamaa waliozoea kupanda milima ya Jebel Akhdar huko Oman kukimbia joto, au kwenda Salalah wakati wa khareef, msimu wa manyunyu na ukungu, hawahitaji kuelezwa raha ya ubaridi, na Julai ni mmoja wa miezi yetu ya kipupwe. Kaeni kwa ndugu siku chache, kisha mje bara.

Kuhusu theluji, watayarishe mapema. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha yeyuka, na kilele chenyewe mara nyingi hufichwa na mawingu mchana kutwa. Amkeni alfajiri, au mngoje magharibi mawingu yanapofunguka. Wenye miguu yao wanaweza kuingia lango la Marangu na mwongozaji, wakatembea msituni hadi kituo cha Mandara, kilichoko mita 2,700 hivi, na kurudi siku hiyohiyo. Hiyo ni safari ya kutwa, haihitaji mahema, na inatosha kwa mtu anayetaka kusema amepanda Kilimanjaro bila kusema uongo mkubwa.

Shangazi mpeleke Ngorongoro, kwa sababu huko gari ndilo linalotembea. Ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkeno ya kale, uko kwenye mita 2,300 hivi, na asubuhi za Julai ukungu huufunika kiasi kwamba hata taa za gari la mbele hazionekani vizuri. Kisha mnateremka kama mita 600, ukungu unabaki juu, na mnajikuta kwenye uwanda mkavu wenye nyati, nyumbu na ziwa la magadi. Mkodie gari lenye paa linalofunguka na ngazi ya chini, na abebe koti zito, si shali peke yake.

La mwisho ni fedha. Wenye pasipoti za Oman watalipa kiingilio cha wageni, ambacho ni kikubwa mara nyingi kuliko cha raia wa Afrika Mashariki. Wewe, ukiwa bado na uraia wa Tanzania, beba kitambulisho chako. Ngorongoro ina mamlaka yake, mbali na ile inayosimamia Kilimanjaro, kwa hiyo malipo ya mahali pamoja hayakuruhusu kuingia pengine. Mwambie mwenye kampuni ya utalii akuandikie kila kiingilio peke yake kwenye bei anayokupa, kabla hujatuma hata riali moja.