Unataka A ya Jiografia? Anza na Msimbazi

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari, simu yangu haikupumzika. Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Kigogo, Dar es Salaam, walikuwa wananitumia picha za matokeo yao, na kwenye Jiografia zilikuwa A na B, tena A ndizo nyingi. Nililia pale pale sebuleni hadi mama akatoka jikoni mbio akidhani tumepigiwa simu ya msiba. Watoto hawa wengi wao waliambiwa huko mashuleni kwamba Jiografia ni somo la kukariri, na kwamba wao si watu wa kukariri.

Sasa wiki iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu, anakaa Mbagala, ameniandikia: "Shikamoo madam. Mada ya mito inanishinda. Nasoma, nakariri, mtihani ukija maneno yote yanapotea. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, yeye pamoja na ninyi nyote mnaoitaka A hiyo, mnaotaka tahasusi za kidato cha tano zenye Jiografia, HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), na baadaye Chuo Kikuu, Mlimani.

Mimi nimekulia Kigogo, nyumba ya tatu kutoka Mto Msimbazi. Nyuma ya kwetu mto unapiga kona. Upande wa nje wa kona maji yanapita kwa kasi, yanachimba chini ya ukingo mpaka udongo wa juu unabaki unaning'inia, halafu siku moja unadondoka. Upande wa ndani maji ni ya polepole, hayana nguvu ya kubeba, kwa hiyo yanatua mchanga. Vijana walikuwa wanakuja na makoleo upande huo kuchota mchanga wa kujengea. Upande wa nje aliishi mzee mmoja, jirani yetu. Alipanga matairi na magunia ya mchanga kuzuia ukingo. Masika moja ikaondoka na choo chake. Iliyofuata ikachukua jiko. Baadaye chumba cha wanawe kikaenda na ukuta wake, wakahamia Chanika. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, lakini ungeniuliza ukingo upi unaliwa na upi unajengwa, ningekuonyesha kwa kidole.

Kidato cha tatu tukapewa zoezi: eleza jinsi mianda, yaani kona za mto, inavyotokea, toa mfano. Nikaandika Msimbazi. Nikachora kona ya nyuma ya kwetu, mshale wa mmomonyoko upande wa nje, mshale wa utuaji wa mchanga upande wa ndani, hata mtumbwi mdogo wa kuonyesha mkondo unaelekea wapi. Mwalimu alisoma kazi yangu mbele ya darasa zima. Akasema Msimbazi ni mtaro wa maji machafu, si mto, niandike Mississippi ya Marekani. Darasa likacheka. Kuanzia siku hiyo hadi tunamaliza shule jina langu likawa Mtaro. Kuna watu nikikutana nao Kariakoo mpaka leo wananiita hivyo, wanatabasamu, nami nasalimia tu napita.

Nilikuwa sahihi. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Unapokea vijito njiani, unapita katikati ya jiji, unatanuka Jangwani, unaingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda, pale penye mikoko. Una chanzo, una bonde, una kona, una uwanda wa mafuriko, una mlango wake baharini. Kuchafuliwa na sisi hakuufanyi uache kuwa mto.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio ushauri wenyewe: kila kitu kinachofundishwa kwenye Jiografia, kitafute kwanza Dar es Salaam. Usipokiona hapa, kitafute Tanzania. Mississippi iwe ya mwisho.

Chukua hatua tatu za mto. Mto ukiwa bado milimani, mteremko ni mkali na nguvu yake kubwa inakwenda chini: unachimba sakafu yake, bonde linakuwa jembamba lenye kuta kali, na mahali mwamba mgumu unapokutana na mwamba laini panatokea maporomoko. Hapo andika vijito vya Uluguru, au Maporomoko ya Kalambo kwenye mpaka wetu na Zambia, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Ukifika katikati, mteremko unapungua na mto unaanza kula pembeni, ndipo kona zinapozaliwa. Kona ikizidi kujikunja, shingo yake inakuwa nyembamba, na siku ya mafuriko maji yanaikata na kwenda moja kwa moja. Ile kona ya zamani inafungwa na matope pande zote mbili, inabaki ziwa lenye umbo la kwato. Mwisho kabisa mto unafika tambarare, unachoka, unashusha mzigo wote. Rufiji unashusha mzigo mwingi kuliko bahari inavyoweza kuuondoa, ndiyo maana unajigawa matawi na kutengeneza delta yenye msitu mkubwa wa mikoko. Ukielewa kwamba kasi ikiongezeka mto unachimba na kubeba, kasi ikipungua unatua, hayo mengine yote unayapata kwa kufikiri. Hakuna cha kukariri hapo.

Sasa Jangwani. Kila masika watu wanauliza kwa nini Barabara ya Morogoro inafungwa pale. Wanafunzi wangu hawaulizi. Pale ni uwanda wa mafuriko: bonde pana, la chini, karibu na bahari. Maji yanatoka Pugu, Tabata, Ubungo, na siku hizi yanafika haraka sana kwa sababu ardhi imefunikwa kwa mabati, zege na lami, hayapati pa kuzama. Yanakuja na mchanga unaoinua sakafu ya mto. Na bahari ikiwa imejaa, maji hayatoki upesi. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo haijawahi kuonekana hapa mjini tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliokuwa wakiishi mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Huo ni mfano wa kuandika kwenye mtihani, na ni mfano wa kuandika kwa heshima, maana ni majirani zetu.

Hapo tayari tumeshaingia kwenye hali ya hewa, mada ambayo watu wanaidharau kwa sababu ni ya kidato cha kwanza. Mtangazaji anasema mvua imenyesha milimita 50, wewe unaitikia tu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi. Bati la nyumba yenye mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80, mvua ya milimita 50 inamwaga hapo lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20, kutoka bati moja tu. Hesabu mabati ya Manzese yote, halafu niambie Jangwani itaponea wapi. Niliwafanyisha wanafunzi wangu hesabu hii ubaoni na darasa lilinyamaza.

Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke uwanjani mbali na ukuta na mti, soma maji kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika kwenye kaunta buku. Fanya hivyo masika nzima. Utajua kwa nini kipimamvua hakiwekwi chini ya mwembe, na swali hilo huja. Kile kibanda cheupe cha vipimajoto nacho, usimeze orodha ya sifa zake, jiulize sababu. Nyeupe inarudisha mwanga wa jua. Kuta za vibao zinaruhusu hewa kupita. Kinasimama kama mita 1.2 juu ili joto la ardhini lisiharibu kipimo. Na upepo unaujua tangu utoto, kaskazi na kusi, waulize wavuvi wa Feri watakupa somo zima bila ada. Mvua ya milima? Upepo wa bahari unagonga Uluguru upande wa mashariki, unapanda, unapoa, unanyesha. Mvua hiyo ndiyo inayoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Dar. Mada tatu katika glasi moja ya maji.

Makazi ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Nauli ya mwendokasi inakutosha. Panda Kivukoni, kaa dirishani, nenda mpaka Kimara na daftari mkononi. Unaanza na majengo ya Serikali na mabenki. Unaingia mitaa ya maduka iliyokuwa ikiitwa Uhindini. Ukifika Faya, Kariakoo iko kushoto kwako, mitaa yake imenyooka na kukatana kwa mraba kwa sababu ilipimwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga na wengine. Unavuka Jangwani ambako hakupaswi kujengwa. Magomeni. Manzese, makazi yaliyokua yenyewe bila ramani, nyumba zimegusana, gari la zimamoto halipiti. Ubungo. Kuanzia hapo makazi yanafuata barabara, Kimara, Mbezi, mpaka Kibaha: hayo ndiyo makazi ya mstari, umeyaona kwa macho yako. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 katika jiji hili. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728 mkoani. Karibu mara 20! Jiulize hao wote walikwenda kulala wapi, na jibu lako la ukuaji wa miji limekamilika.

Na vijijini? Muulize bibi yako. Bibi yangu ni wa Rufiji. Walilima mpunga bondeni, wakilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, kwa sababu mto ukifurika unaleta tope lenye rutuba na wao walijua tarehe zake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali ikawahamishia kwenye miinuko, wakae pamoja, wapate shule na zahanati. Miaka ya 1970 jambo hilo likafanyika nchi nzima, vijiji vya ujamaa. Bibi anasema shule walipata, ila shamba lilibaki kule kule bondeni na mguu ndio ulioumia. Makazi ya mtawanyiko, makazi ya pamoja, faida, hasara: bibi ameyamaliza kabla chai haijapoa. Na masika ya 2024 Rufiji ulipofurika tena, alijua cha kusema kabla ya redio.

Nisikilizeni wadogo zangu. Najua mtihani wa sekondari unaandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanapokufa. Elewa kwanza kwa Kiswahili, mweleze mdogo wako mpaka aelewe, kisha ndio utafute sentensi za Kiingereza, fupi fupi. Ukianza na sentensi za watu bila kuelewa, ndiyo hayo maneno yanapotea. Chora. Kila umbo la mto lina mchoro, mchoro una majina na mishale. Chora tena. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita moja, na mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, inapovuka mto inatengeneza V ambayo ncha yake inaelekea kwenye chanzo. Hiyo chora hata kwenye mchanga.

Nanyi wazazi, mtoto akiomba nauli ya kwenda kuangalia daraja, mpeni. Mnalipa tuisheni za maelfu halafu mnamfungia ndani na daftari la kunakili. Na walimu wenzangu, mtoto akikuandikia mto wa kwao, usimchekeshee darasa. Angalia mishale. Kama mishale iko sawa, mpe maksi zake. Mimi sikupewa zangu, na bado nazidai.

Binti wa Mbagala, wewe una Mto Kizinga. Usiende wakati mvua inanyesha wala siku inayofuata, usiingie majini maana ni machafu, nenda na kaka au mama, simama darajani tu. Tafuta kona moja. Chora pande zote mbili, weka mishale, andika mkondo unaelekea wapi, piga picha ya mchoro unitumie. Nitausahihisha mwenyewe kabla ya Jumapili, halafu nitakutumia swali la delta.