Ngozi ya kuazima: majibu ya maswali yenu

Wiki mbili zilizopita, nikiandika juu ya majeraha ya moto, niligusia kwa sentensi moja kwamba ziko hospitali zinazomfunika mgonjwa aliyeungua vibaya kwa ngozi ya mtu aliyefariki. Sentensi hiyo imeniletea ujumbe mwingi kuliko makala yote iliyobaki. Nimechagua maswali saba.

Kaka yangu aliunguzwa na gesi, tukampeleka Mumbai. Walimfunika mgongo na mapaja kwa ngozi ya marehemu. Baada ya wiki tatu ikaanza kutoka. Madaktari walikosea, au tulitapeliwa? (Dada wa mgonjwa, Dar es Salaam)

Pole sana dada, na kaka mfikishie pole zangu. Hamkutapeliwa. Ngozi ile ilikuwa ya kutoka tangu mwanzo.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii husitiri, ila kwa muda. Mtu akiungua sehemu kubwa ya mwili, mara nyingi kinachomuua ni yale yanayofuata baada ya moto kuzimwa: maji ya mwili huvuja kupitia kidonda, joto hupotea, vijidudu huingia mpaka kwenye damu. Kidonda kikishasafishwa, ngozi ya marehemu hutandazwa juu yake na kuziba milango yote hiyo. Maumivu nayo hupungua, kwa kuwa kidonda hakipigwi tena na hewa wala kushikana na bandeji kila inapobadilishwa.

Kisha kinga ya mwili huigundua kuwa ni ngeni na kuikataa, kwa kawaida baada ya wiki mbili au tatu. Aliyeungua sana, kinga yake huwa imelegea, hivyo inaweza kukaa zaidi. Kufikia hapo mgonjwa amepata nguvu, na nyama ya kidonda imekuwa nyekundu, tayari kupokea ngozi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo inayobaki. Huchunwa sehemu isiyoungua, hutobolewa vitundu kama wavu ili ivutike, hupandikizwa. Sasa piga hesabu: aliyeungua asilimia 60 amebakiwa na 40, na si yote inayochunika. Inachunwa kidogo, panasubiriwa papone, inachunwa tena palepale. Katika kusubiri huko ndiko watu hufa, na ndiko ngozi ya kuazima inakofanya kazi.

Nina afya njema. Si bora nimpe mdogo wangu ngozi yangu, sisi damu moja, kuliko ya maiti? (Mwalimu, Kisumu)

Moyo wako ni mzuri mwalimu, lakini mwili haujali undugu. Mwaka 1943 kule Glasgow, Uskoti, daktari wa upasuaji Thomas Gibson na mwanasayansi Peter Medawar walimpandikiza ngozi ya kaka yake mwanamke aliyeungua. Ikakataliwa. Wakarudia kwa ngozi ya kaka huyohuyo, nayo ikakataliwa upesi kuliko ya kwanza: mwili ulikuwa umemkumbuka. Medawar aliendelea kufuatilia jambo hilo la kukataliwa hadi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Pacha wa kufanana ndiye pekee anayeepuka hilo. Mwaka 2016, katika Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, mtu aliyeungua asilimia 95 alipandikizwa ngozi ya pacha wake, na akapona. Wewe kama si pacha wake, utabaki na kidonda kibichi pajani kwa ajili ya ngozi itakayodumu sawa na ile ya marehemu iliyohifadhiwa kwenye friji. Nenda ukachangie damu. Operesheni za kusafisha vidonda vya moto humwaga damu nyingi.

Assalaam alaikum. Kwa hiyo maiti anachunwa kama mbuzi? Tutamwoshaje? (Baba wa watoto wanne, Mombasa)

Waalaikum salaam. Wameuliza wengi, wengine kwa maneno makali kuliko yako, na nadhani neno "kuchuna" ndilo lililowatisha. Kinachotumika ni kifaa mfano wa randa ya seremala. Hupitishwa mapajani, miguuni na mgongoni, kikatoa utando usiofika unene wa nusu milimita. Uso hauguswi. Damu haichuruziki, mwili haupotezi umbo. Pale palipopita kifaa pataonekana pamepauka, na hufungwa bandeji. Kazi yote ni kama dakika 45. Kule India timu ya benki ya ngozi, yaani mahali ngozi za marehemu huhifadhiwa, hufika hata nyumbani kwa marehemu, na hutaka kuitwa ndani ya saa sita baada ya kifo, kwa hiyo mazishi ya siku hiyohiyo hayalazimiki kuahirishwa.

Kuhusu dini, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 lilikubali kupandikiza kiungo cha maiti kwa anayekihitaji ili kuokoa uhai, kwa masharti, likiwamo la idhini ya marehemu mwenyewe au warithi wake. Wapo wanazuoni, hasa wa India na Pakistan, wasiokubali. Mimi si sheikh. Muulize wako, pamoja na suala la josho, lakini mweleze kwanza randa na nusu milimita. Ukimuuliza juu ya kuchunwa kama mbuzi, atakujibu juu ya mbuzi.

Nina miaka 71, kisukari na presha. Nani atataka ngozi hii? (Mzee mstaafu, Moshi)

Shikamoo mzee. Watataka. Benki za India hupokea kuanzia miaka 18 bila kikomo cha juu, na kisukari au presha peke yake havikuzuii. Vinavyozuia ni virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, saratani ya ngozi, na maambukizi yaliyosambaa kwenye damu. Kundi la damu halilinganishwi. Ngozi huhifadhiwa katika gliserini ya asilimia 85, ndani ya friji, na inaweza kukaa hadi miaka mitano. Njia hiyo ilienezwa na benki ya ngozi ya Beverwijk, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1976.

Nikiwekewa ya Mzungu si nitabaki na mabaka? (Bila jina)

Rudi swali la kwanza. Haibaki.

Naweza kujiandikisha leo kutoa ngozi yangu nikifa? (Muuguzi, Nakuru)

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakuruhusu kutoa tishu zako kwa wosia, kwa hati iliyosainiwa nawe na mashahidi wawili, au hata kwa kutamka mbele ya mashahidi wawili. Ila wewe unajua kuliko mimi: usiku wa msiba hakuna anayepekua makabati. Mwambie mtu atakayepigiwa simu. Na uulize hospitali kubwa ya karibu nawe kama ina friji, maabara na timu ya kuja usiku, maana saa sita hupita upesi.

Haja ya ngozi hiyo si ya kubuni. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, siku ya kwanza walihesabiwa maiti sitini na kitu. Mwishowe walizidi mia, kwa sababu majeruhi waliendelea kufa hospitalini kwa siku na wiki. Desemba mwaka huohuo volkano ya White Island iliunguza watalii New Zealand, na nchi hiyo, yenye benki yake ya ngozi, ilibidi iagize ngozi kutoka Marekani: sentimita za mraba milioni 1.2. Hizo ni mita 120 za mraba, sakafu ya nyumba nzima.

Nimesikia ngozi ya samaki inatosha. Kweli? (Mama lishe, Mwanza)

Kweli, mama, na samaki mwenyewe ni sato wako. Madaktari wa Fortaleza, Brazil, humtumia kwa majeraha yaliyotoa malengelenge bila kufika chini kabisa. Ngozi yake hushika kidonda siku kadhaa bila kubadilishwa bandeji. Lakini husafishwa kwa dawa na kupigwa miale kwanza. Wa sokoni atakupa kidonda kilichooza. Ukiungua jikoni, weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, kisha zahanati. Sato mrudishe kwenye sufuria.