Fundi wa Jukwaa Anajibu: Ukibonyeza juu, mzigo ukashuka

Barua za safari hii karibu zote ni za mota: za kuinua trasi, yaani fremu ndefu za kuning'inizia taa, za kupandisha mandhari, za kuzungusha jukwaa. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu imenikumbusha usiku mmoja ambao sikupata usingizi.

Shikamoo fundi. Ukumbi wetu wa sherehe hapa Morogoro una mota nne za cheni, tani moja kila moja. Wiki iliyopita tulihamia jenereta ya kukodi. Nikabonyeza juu, trasi ikashuka. Kijana ninayefanya naye kazi anasema tuzoee tu, juu iwe chini na chini iwe juu. Kuna ubaya?

Marahaba. Ubaya upo, tena mkubwa, na huyo kijana mweleze kabla hajagusa kitufe kingine.

Mota hizo ni za fezi tatu, yaani umeme unaoingia kwa nyaya tatu zinazopokezana zamu, na upande zinaozungukia unategemea fezi zinavyofuatana. Ukibadilishana waya mbili tu kati ya tatu, mota inarudi kinyume. Jenereta mpya, soketi iliyofungwa upya na mtu mwenye haraka, kebo ya kuunganishia iliyotengenezwa gereji: chochote katika hivyo kinatosha. Hapo wengi wanaelewa. Kinachowapita ni limiti.

Mota hizi hupanda cheni yake pamoja na mzigo, na ndani yake kuna swichi mbili ndogo za limiti, za kuisimamisha kabla haijapita mwisho wa safari. Moja inafanya kazi mota inapokaribia ndoano ya juu, nyingine cheni inapokaribia kuisha chini. Kwenye mota nyingi za aina hii, limiti ya juu inakata kontakta ya "juu" peke yake (kontakta ni swichi inayopeleka umeme kwenye mota ukibonyeza kitufe), na ya chini inakata ya "chini" peke yake. Sasa fezi zimepinduka. Unabonyeza "chini", kontakta ya chini inashika, lakini mota inapanda. Inafika juu, inagusa limiti ya juu, na limiti kwa uaminifu wake wote inakata kontakta ya juu, ambayo tangu mwanzo haikuwa imeshika. Ile ya chini bado imeng'ang'ania na mota inaendelea kuvuta. Ukibahatika, klachi ya ndani itateleza. Usipobahatika, kitavunjika kilicho dhaifu kuliko vyote, na hujui ni kipi.

Niliwahi kuliona kwenye tamasha la uwanjani. Jenereta ilichemka wakati wa magharibi, ikaletwa nyingine, taa zikawaka na watu wakashangilia. Hakuna aliyejaribu mota. Usiku wa manane mwenzangu akabonyeza "chini" tuanze kufungua vyombo. Aliyeokoa hali ni mzee mmoja wa kubeba spika, ambaye hakuwa hata akitazama juu. Alisikia. Cheni inayoteremsha mzigo inakoroma. Ile ilikuwa inalia. Akapiga kelele, "Achia!" Nilipopanda kuangalia, kati ya mota na ndoano palibaki nafasi ya viganja viwili.

Kwa hiyo kila mnapobadili chanzo cha umeme, fundi apime mfuatano wa fezi kwa kipimo chake. Ni kifaa kidogo na hakina bei ya kutisha. Kisha jaribu mota moja, bila mzigo, kwa kugusa kitufe na kuachia. Marekebisho yafanywe pale umeme unapoingilia kwenye kontrola, umeme ukiwa umezimwa, wala si ndani ya mota. Mkigeuza waya ndani ya mota moja, siku jenereta sahihi ikirudi mtakuwa na tatu zinazopanda na moja inayoshuka, zote kwenye trasi moja.

Sisi Mombasa tunatumia inveta kuzungusha jukwaa. Nasi tunahusika na hilo la fezi?

Kwanza tuelewane: hapa inveta si ile ya sola na betri, ambayo imeteka jina zima. Ni ile inayotawala kasi ya mota. Yenyewe inapokea umeme, inaugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC), halafu inatengeneza fezi zake tatu upya. Kwa hiyo fezi zikipinduka upande wa kuingilia, jukwaa litazunguka kama kawaida. Zikipinduka upande wa kwenda kwenye mota, litarudi kinyume.

Ila chukueni tahadhari hii. Umeme wa volti 400 ukishanyooshwa, ndani ya inveta mnapata kama volti 565, na umehifadhiwa kwenye kapasita. Ukizima swichi kuu, kioo kinazimika na kila kitu kinaonekana kimekufa. Kapasita hazijafa. Soma lebo ya dakika za kusubiri iliyobandikwa kwenye kifuniko, subiri zote, kisha pima. Nimeona bisibisi iliyoyeyuka ncha kwa mtu aliyesubiri "kidogo".

Winchi yetu ya mandhari inapandisha vizuri sana. Tukianza kushusha, inveta inatripu na kuandika kwamba volti zimezidi. Tumeshauriwa kununua inveta kubwa. (Arusha)

Msinunue kwanza.

Mmewahi kumwona mtu anayesukuma mkokoteni akiteremka mlima? Kupanda alikuwa anausukuma. Kushuka, mkokoteni unamsukuma yeye, na kazi yake yote inakuwa kuuzuia. Mota ni hivyo hivyo. Mzigo unaposhuka unaivuta, nayo inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye inveta. Umeme huo usipopata pa kwenda, volti za ndani zinapanda hadi inveta inajikata yenyewe. Pa kwenda ni rezista ya breki, lile sanduku la bati lenye matundu ambalo linachemka kama pasi. Angalieni: lipo? Limeunganishwa? Waya wake haujakatika? Ukubwa wake unalingana na mzigo? Na kwenye mipangilio ya inveta, limewashwa? Mara nyingi jawabu liko kwenye moja ya maswali hayo, na inveta kubwa isiyo na rezista itatripu vile vile.

Mtu atawaambia mwongeze muda wa kupunguza kasi. Kutripu kunaweza kupungua, kweli, lakini mzigo nao utahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Pimeni umbali huo kwa futikamba kabla mchezaji hajasimama chini yake.

Mkiwa hapo, tazameni pia mzigo unavyoanza kupanda. Ukiona unazama sentimeta moja mbili kisha ndipo unainuka, breki inafunguka mapema, kabla mota haijajikaza. Watazamaji hawatagundua. Ninyi gundueni, kwa sababu leo ni sentimeta mbili na zile pedi za breki zinazidi kuisha.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo na kurudi, kontrola inasema pazia liko sifuri wakati liko nusu. (Bujumbura)

Enkoda yenu, kile kifaa kinachoiambia kontrola mota imezunguka kiasi gani, ni ya kuhesabu hatua tu, na kontrola haihifadhi hesabu hiyo umeme ukienda. Umeme ukirudi inaanza upya na sifuri. Msiendeshe hadi kituo chochote kilichohifadhiwa kabla hamjalipeleka pazia polepole kwenye alama yake ya nyumbani, pale hesabu inapoanzia, kwa mkono na kwa macho. Dawa ya kudumu ni enkoda inayojua mahali ilipo hata baada ya giza. Kwa miji yetu, hiyo si anasa.

Mwongozaji wetu anataka kitufe chekundu cha dharura kikae mezani kwake peke yake. Na mbona tukikibonyeza mandhari inasimama kwa mshtuko? (Dar es Salaam)

Nianze na mshtuko. Kiwango cha Ulaya cha EN 60204-1 kinatambua namna tatu za kusimamisha mtambo. Namba 0: umeme unakatwa papo hapo na breki zinauma. Namba 1: mwendo unapunguzwa kwa mpangilio, kisha umeme unakatwa. Namba 2: unasimama huku umeme ukibaki, na hiyo hairuhusiwi kwa dharura. Chenu kimefungwa kwa namba 0. Kwa mandhari nzito inayokwenda kasi, namba 1 mara nyingi ni ya upole zaidi kwa kamba na kwa dari, lakini kuibadilisha ni kazi ya aliyesanifu mtambo. Msiichezee kwenye menyu.

Sasa mwongozaji. Mpeni cha kwake, sawa, lakini kisiwe peke yake. Kiwepo kwa mwendeshaji, kiwepo pembeni pa jukwaa kulia na kushoto. Mwongozaji anatazama sura za waigizaji, hatazami kamba. Mwendeshaji naye atumie kitufe cha kushikilia, kile ambacho ukikiachia mwendo unakoma, na akae anapoona kinachotembea. Kamera ni msaada tu. Pale asipoona, mtu mwenye redio asimame, na wakubaliane neno moja la kusimamisha. Sisi tunatumia "simama", kwa sababu "sawa" na "haya" zinasemwa kila dakika.

Na mkikivuta kitufe chekundu kirudi nje, mtambo usianze kutembea wenyewe. Ukianza, mwiteni fundi siku hiyo hiyo.

Trasi moja, mota tatu za tani moja. Si tunaweza kuning'iniza tani tatu? (Nairobi)

Hapana, ndugu yangu. Hesabu hii imewaumbua wengi. Mzigo ukitandazwa sawasawa juu ya trasi nzima, na mota zikawa mbili kwenye ncha na moja katikati kabisa, ile ya kati inabeba karibu asilimia 62 ya uzito wote. Za pembeni zinagawana zilizobaki, chini ya asilimia 19 kila moja. Kwa hiyo mota ya kati inafikisha tani yake wakati mzigo wote ni tani 1.6, na bado hamjatoa uzito wa trasi yenyewe na nyaya.

Hiyo ni pale zote ziko usawa mmoja. Mota za kasi moja zisizo na enkoda hazitembei sawa. Moja ni mpya, nyingine imechoka. Ya kati ikitangulia kidogo, inanyang'anya wenzake mzigo. Simameni kila mita moja au mbili, tazameni usawa, rekebisheni moja moja. Mkiwa na vipima uzito vya kufunga kati ya ndoano na trasi, mtashangaa wenyewe.

Jukwaa la kuzunguka lilianzia wapi? Marekani? (Tanga)

Japani. Namiki Shōzō alilitumia kwenye kabuki, michezo ya jukwaani ya jadi ya Kijapani, huko Osaka mwaka 1758, likisukumwa na watu walio chini ya sakafu. La umeme lilifungwa na Karl Lautenschläger kwenye Residenztheater ya Munich, Ujerumani, mwaka 1896.

Mimi ni mwalimu wa kwaya Kisumu. Krismasi tunataka malaika ashuke kutoka juu kwa mota ya cheni tuliyokodi. Mtoto ana kilo 35, mota ni ya tani moja. Si imezidi kutosha?

Mwalimu, uzito si hoja. Angalia bamba la mota: kama imeandikwa D8, ni daraja la Kijerumani linalosema mtu asiwe chini mzigo unapotembea, na hata ukisimama juu ya watu lazima ufungwe kamba ya pili ya usalama. D8+ inaruhusiwa kushikilia mzigo juu ya watu bila kamba hiyo, lakini ukiwa umetulia. C1 ndiyo ya mzigo unaotembea juu ya watu. Na hayo yote ni ya vitu. Kumpandisha binadamu kunataka winchi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mkanda wa mwili, mtaalamu aliyefunzwa, na mpango wa kumshusha umeme ukikatika akiwa hewani.

Malaika aingie kwa mlango wa sakristia. Mwekeeni taa moja kali nyuma yake na moshi kidogo.