Anayeanza kung'arisha almasi: soma jiwe kabla ya kuwasha mashine

Wadogo zangu mnaohamia almasi kutoka kwenye tanzanaiti na amethisti, mkono wenu ni mwepesi, na huo wepesi ndio utakaowasumbua. Tanzanaiti utaisaga upande wowote. Almasi husagwa na unga wa almasi mwenzake tu, tena kwa upande inaoutaka yenyewe. Kila jiwe lina mkondo wake. Ni sawa na kupara sato: ukitoka mkiani kwenda kichwani magamba yanaruka, ukigeuza kisu kinateleza. Ukiukosa mkondo, sahani ya chuma inayozunguka, ile unayosagia jiwe, inapiga kelele, jiwe linashika moto, na kinacholika ni sahani.

Kwa hiyo mwanzoni omba lupu (kioo kidogo cha kukuzia) ya mara kumi na mawe ghafi, mashine iache kwanza. Almasi nyingi nzuri zina umbo la piramidi mbili zilizogusana vitako, nyuso nane za pembetatu. Juu ya nyuso hizo mara nyingi utaona vipembetatu vidogo vya asili, ncha zake zikielekea kinyume na pembetatu kubwa. Vitafute hata kwenye kipande kilichovunjika, maana ndivyo vinavyokuambia uso wa asili uko wapi. Uso huo hausagiki ukiulaza bapa juu ya sahani. Uinamishe nyuzi chache. Na jiwe hupasuka sambamba na nyuso hizohizo. Ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs haulikingi na nyundo.

Litazame kwenye mwanga uliotulia, juu ya karatasi nyeupe. Jua la alasiri likiakisi kutoka ziwani hadi dirishani, hata kipande cha chupa kinapendeza. Kabla ya hapo lisafishe kwa spiriti, kwa kuwa almasi hunasa mafuta haraka sana na vidole vilivyotoka kula sangara wa kukaanga vitakudanganya kuhusu rangi yake.

Sahani huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Umeme ukikatika, inua jiwe mara moja.

Sasa pesa, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Karati moja ni gramu 0.2, na mkato wa duara wenye nyuso 57 mara nyingi hula karibu nusu ya jiwe ghafi. Mwenye jiwe la karati mbili anaota atarudishiwa karati mbili. Mweleze kabla hujalipokea. Atakubembeleza ubakize uzito, na ana sababu: jiwe la karati 1.00 hupata bei nzuri kuliko la 0.97 hata kama macho hayaoni tofauti. Lakini Marcel Tolkowsky, mtaalamu wa almasi kutoka Ubelgiji, alishakokotoa mwaka 1919 mwinamo unaorudisha mwanga vizuri: nyuzi 34.5 kwa upande wa juu, 40.75 kwa upande wa chini. Ukiufanya upande wa chini kuwa bapa mno, mwanga hutokea chini badala ya kurudi machoni, na jiwe linakuwa kama limelala. Mimi nauchagua mwanga, ingawa wateja wengi hawakubaliani nami. Mteja akizidi kubisha, mtajie almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, hapo Shinyanga. Ilipatikana mwaka 1947 ikiwa na karati 54.5, akazawadiwa Elizabeth wa Uingereza kabla hajawa malkia. Ilipokatwa London ilibaki na karati 23.6, na sifa zake zinatokana na hizo zilizobaki.

Jambo la mwisho ni karatasi. Jiwe ghafi lisilo na nyaraka usiliguse, hata kama limeletwa na shemeji yako kutoka Maganzo, jirani na Mwadui, na amekuapia kwa jina la mama yake. Kukutwa nalo ni kesi, na aliyelileta hatakuwepo siku hiyo. Mwelekeze soko la madini kwanza. Akirudi na vibali, pimeni uzito pamoja, andikeni namba hadi pointi (sehemu ya mia ya karati) ya mwisho, chora alama za kasoro zilizopo, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Baada ya hapo ndipo jiwe lipande kwenye kishikizo cha kulishikia juu ya sahani.