Usiogope kumchanganya mtoto
Dada, umeuliza mtoto wa la kwanza akianza Kiingereza Kiswahili chake kitaharibika? Hapana, ondoa hofu kabisa. Huku Mwanza wengi wanaongea Kisukuma na bibi nyumbani, mtaani Kiswahili, wanachanganya maneno kidogo alafu yanakaa sawa yenyewe. Ila ukimfundisha Kiingereza, daftari weka pembeni kwanza. Mi nafundisha la pili, naanza na mwili, stand up, jump, dakika 10 kila siku, siku nyingine naenda na samaki sato mzima toka soko la samaki mwaloni Kirumba, watoto wanashika jicho, mkia, magamba huku wanataja kwa Kiingereza, yani darasa zima linanuka samaki na wanafurahi sana. Akisema fishi usimkemee, silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu ndo maana, we rudia tu fish taratibu asikie.