Je, Naweza Kukiri "Akazaliwa na Bikira Mariamu" Nikiwa na Mashaka?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa darasa la kipaimara. Nilizaa mtoto kabla ya ndoa, kanisa likanitenga, kisha nikatubu nikarudishwa. Kila Krismasi ikikaribia, nasikia Mariamu akihubiriwa kama fimbo ya kutuchapia sisi tulioanguka. Kaka yangu, ambaye ameacha kanisa, ameniambia kuwa habari ya bikira ilitungwa kumsitiri Mariamu, kwamba mimba ilikuwa ya askari wa Kirumi, na kwamba wapagani walikuwa na miungu waliozaliwa na mabikira zamani kabla ya Yesu. Tangu siku hiyo, tukikiri Imani ya Mitume, nikifika "akazaliwa na Bikira Mariamu" ninanyamaza. Je, ni dhambi nikisema huku nina mashaka? Ni dhambi nikinyamaza? Niache kufundisha?

JIBU: Asifiwe milele, binti yangu. Barua yako imeninyima raha, na si kwa sababu ya mashaka yako. Mashaka ya aina hiyo nayajua na yana majibu. Kilichoniuma ni ile fimbo, nami nitaifikia.

Kwanza nikutue mzigo. Sema. Likiri neno hilo pamoja na wenzako. Imani ya Mitume ni ukiri wa kanisa lote, la waliotutangulia na la walio hai, na siku unapoishiwa nguvu wenzako wanakubeba kwa sauti zao. Yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na Bwana hakumwambia aende kwanza akamalize mashaka yake ndipo arudi. Mtoto aliponywa. Mwenye shaka bado anauliza. Mkanushaji ameshakata shauri. Kama ungekuwa umeshaamua moyoni kwamba ni uongo, kisha unawafundisha watoto wa watu kuwa ni kweli, hapo ningekuambia uliache darasa leo. Hujafika huko. Aliyekata shauri haandiki barua kama yako.

Sasa tumjibu kaka yako, maana anayosema yanazunguka sana siku hizi, na vijana wengi wanayapokea kama ugunduzi mpya. Si mapya hata kidogo. Habari ya askari wa Kirumi, ambaye hata jina amepewa, Panthera, ilisambazwa na Celsus, mpagani aliyeandika dhidi ya Wakristo yapata mwaka 178. Maandishi yake tunayafahamu kwa kuwa Origen, mwalimu wa kanisa, aliyanukuu na kuyajibu katikati ya karne ya 3. Hesabu miaka: ni karibu karne moja na nusu tangu Bwana asulubiwe. Celsus hakuwa na shahidi wala waraka wa zamani. Alikuwa na uvumi wa watu waliomchukia Yesu, akauandika. Mtu anayekataa Injili kwa madai kwamba ziliandikwa miongo kadhaa baada ya tukio, kisha akakumbatia masengenyo yaliyoandikwa baada ya karne na nusu, anatumia mizani mbili. Kaka yako ni msomi. Mwambie hivyo kwa upole, lakini mwambie.

Na dai lenyewe kwamba kisa kilitungwa ili kuficha aibu halisimami ukilitazama kwa makini. Mariamu alikuwa ameposwa na Yusufu. Kama mimba ilikuwa imeingia kwa njia nyingine na watu wakataka kuisitiri, sitara ilikuwa mlangoni: waseme mtoto ni wa Yusufu, basi. Majirani wenyewe walidhani hivyo; katika Yohana 6:42 wanamwita mwana wa Yusufu. Ni nani anayeficha aibu kwa kutangaza kwamba mchumba siye baba wa mtoto? Soma ukoo katika Mathayo sura ya 1. Fulani akamzaa fulani, akamzaa fulani, kwa vizazi na vizazi, kisha katika aya ya 16 mnyororo unakatika: "Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu." Mathayo alihitaji tu kuandika "Yusufu akamzaa Yesu" na kila kinywa kingefungwa. Hakuandika. Badala yake anatuonyesha Yusufu akitaka kumwacha Mariamu kwa siri. Kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 22, binti aliyeposwa akilala na mwanamume mwingine adhabu yake ilikuwa kupigwa mawe. Kisa hiki kinamweka Mariamu katika hatari hiyo mbele ya kila msomaji. Kama kilitungwa kuwa pazia, ni pazia linaloangaza.

Yusufu na Mariamu, tena, hawakuwa watu wa kudanganyika kwa kutojua mimba hutoka wapi. "Litakuwaje neno hili, maana sijui mume?" Hilo ni swali la Mariamu mwenyewe (Luka 1:34). Wanaosema watu wa kale waliamini kwa sababu ya ujinga hawajamsoma Mariamu wala Yusufu. Wa kwanza kushangaa walikuwa hao wawili.

Kuhusu miungu ya wapagani, mwombe kaka yako akuonyeshe bikira mmoja tu. Horus wa Misri, kwa hadithi ya Wamisri wenyewe, ni mtoto wa Isis na mumewe Osiris. Mithras, mungu aliyeabudiwa katika dola ya Kirumi, anachongwa katika sanamu zake akitokeza kwenye mwamba. Mwamba hauna ubikira. Kwa Wagiriki, shujaa Perseus alitungwa mimba pale Zeus, mungu wao mkuu, alipomwingilia binti aitwaye Danae kwa umbo la mvua ya dhahabu, na shujaa Heracles pale Zeus huyohuyo alipojigeuza sura ya mume wa Alcmene ili amdanganye. Hizi ni hadithi za mungu mwenye tamaa anayewinda wanawake. Katika Luka hakuna tamaa, hakuna hila, hakuna mwili wa mungu. Kuna Roho wa yule Mungu aliyesema na nuru ikawa, na kuna msichana anayeelezwa jambo, anayeuliza, anayejibiwa, kisha anakubali: "na iwe kwangu kama ulivyosema." Hata ulinganisho wa Perseus si mpya. Katikati ya karne ya 2 Justin Martyr, Mkristo mtetezi wa imani, aliandika mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trypho, na Trypho anamwambia wazi kwamba Wakristo wanapaswa kuona haya kusimulia mambo kama ya Wagiriki. Justin hakuona haya.

Wengine hupita njia nyingine: Mathayo, wanasema, aliisoma Isaya 7:14, "bikira atachukua mimba", akatunga kisa ili unabii utimie. Hatuna andiko la Kiyahudi la kabla ya Yesu linaloichukua aya hiyo kuwa ahadi ya Masihi kuzaliwa na bikira. Hakukuwa na matarajio yaliyosubiri kutungiwa kisa. Na Luka, ambaye hainukuu aya hiyo, anasimulia jambo lilelile. Nakiri kwamba Mathayo na Luka wanatofautiana: mmoja ana mamajusi na safari ya Misri, mwingine ana wachungaji wa kondoo na kuhesabiwa watu, na kuzipanga habari hizo zikae pamoja ni kazi ngumu. Lakini tofauti hizo ndizo zinazoonyesha kwamba hawakunakiliana. Na hao wawili wanakubaliana kwamba mama alikuwa bikira, ameposwa na Yusufu wa ukoo wa Daudi, na mimba ni kwa Roho Mtakatifu.

Kisha ule unaoitwa ukimya wa Paulo. Paulo hakutaja hata jina la mama yake Bwana, seuze namna ya kutungwa mimba. Alisema tu "amezaliwa na mwanamke" (Wagalatia 4:4). Nyaraka zake ziliandikwa kutatua magomvi ya makanisa. Meza ya Bwana tunaisoma katika 1 Wakorintho 11 kwa kuwa Wakorintho waliiharibu. Kama wangeishiriki kwa adabu, leo msomi mmoja angetuambia kwamba Paulo hakuijua Meza ya Bwana. Ignatius, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, akiwa njiani kwenda Roma kuuawa, aliwaandikia Waefeso kuhusu ubikira wa Mariamu bila kuutetea wala kuufafanua, kama jambo ambalo wasomaji wake wanalijua tayari.

Wako pia wanaonitia uchungu zaidi ya Celsus, na hao wamo ndani ya kanisa. Tangu David Friedrich Strauss, mwanateolojia Mjerumani, achapishe kitabu chake juu ya maisha ya Yesu mwaka 1835, limekuwapo kundi la walimu wanaosema kuzaliwa na bikira ni ishara nzuri ya imani ambayo haikutokea. Wanaikiri Jumapili na kuitabasamia Jumatatu. Celsus alikuwa adui mkweli. Alisema hakuamini, akaondoka. Hawa wanabaki na maneno na kukitupa kilicho ndani yake. Luka anaanza kitabu chake kwa kusema amejitafutia kwa usahihi habari za mambo yote tangu mwanzo. Unaweza kusema alikosea. Huwezi kusema alikuwa anatunga shairi.

Na kwa haki nisiwaache watetezi wetu. Usimjibu kaka yako kwa habari za mijusi na papa wanaozaa bila dume. Nimesikia hoja hiyo mimbarini na ilinisikitisha. Mtoto wa mama peke yake angepata kromosomu (vibeba urithi) za mama tu, na mama hana kromosomu Y, ile ya kiume; angezaliwa msichana. Kanisa halijawahi kudai kwamba maumbile yalifanya jambo la nadra. Linadai Mungu alitenda. Anayekataa kwa kuwa haamini Mungu aweza kutenda, mjadala wetu naye ni juu ya Mungu, na hapo ndipo pa kuketi naye.

Utaulizwa pia na majirani Waislamu, ambao nao wanaamini kwamba Isa alizaliwa na bikira. Kurani, sura ya 3 aya ya 59, inamfananisha na Adamu, na wengi huuliza: kama kukosa baba kunamfanya mtu kuwa Mungu, mbona Adamu, asiyekuwa na baba wala mama, si Mungu? Swali zuri, na jibu lake litakusaidia wewe kuliko wao. Hatusemi Yesu ni Mwana wa Mungu kwa sababu alikosa baba wa kibinadamu. Alikuwa Mwana kabla Mariamu hajazaliwa; ndilo neno la Yohana sura ya 1. Kuzaliwa kwake na bikira ni alama kwamba wokovu huu haukuanzishwa na nguvu ya mwanamume wala ustadi wa wanadamu. Mungu alianza mwenyewe. Tamko hilo katika Imani ya Mitume linamhusu Kristo. Limewekwa katika sehemu ya Kristo, wala si sura ya maadili ya wasichana.

Ndiyo maana nasema waliokugeuzia Mariamu kuwa fimbo wamekosea, na wamekosea katika mafundisho, si katika adabu tu. Zinaa ni dhambi. Hilo wewe unalijua, ulitubu, ukapokelewa, limekwisha. Lakini anayeichukua habari ya Mungu kushuka kwa wenye dhambi na kuifanya kipimo cha kuwaaibisha wenye dhambi ameigeuza kichwa chini. Tena amesahau kwamba Mariamu mwenyewe alionekana machoni pa watu jinsi ulivyoonekana wewe: binti mwenye mimba isiyoelezeka, mchumba wake akitafuta namna ya kumwacha. Angeishi katika baadhi ya makanisa yetu, angetengwa yeye pia kabla malaika hajasema na Yusufu. Sisemi hivi ili tuache kuwaonya vijana. Nasema kwa sababu nimewaona wasichana wakiacha ibada za Krismasi kwa ajili ya mahubiri hayo, na baba wa watoto wao wameketi kwenye kwaya.

Mwendee mchungaji wako umwambie hivyo, ukienda na mzee wa kanisa unayemwamini kama utaogopa kwenda peke yako. Kaka yako usimkatie mazungumzo; muulize pia, siku mkiwa wawili, ni nini kilichomtoa kanisani, maana mara nyingi si Celsus.

Darasa usiliache. Mkifika somo la kuzaliwa kwa Bwana, usianze Mathayo 1 katika aya ya 18 kama vitabu vya mafundisho vinavyofanya. Anza aya ya 1 na usiruke majina, hata watoto wakilalamika. Wamo wanawake wanne kabla ya Mariamu: Tamari aliyepata mimba kwa baba mkwe wake, Rahabu kahaba wa Yeriko, Ruthu mgeni wa Moabu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo angeweza kuwaacha, kama alivyowaacha Sara na Rebeka. Waulize wanafunzi kwa nini aliwaandika, na uwaache wafikiri mpaka kipindi kijacho.